Usukani Mpya Haupindi Kushoto

Jumatatu, 6 Mei

Leo kijiweni kwetu waendesha pikipiki kaja Mama Keki. Ndiye yule mama mwenye jiko la keki nyuma ya duka la dawa. Dereva wake wa pikipiki kahamia mji mwingine. Sasa anatafuta mmoja wa kudumu, wa kumbeba yeye na keki mapajani, kila wiki, mvua au jua. Kazi ya uhakika namna hiyo hapa kijiweni hajawahi kuipata mtu. Naitaka. Naitaka mpaka meno yanauma.

Kasema Jumamosi atajaribu wawili. Keki ya asubuhi dereva mmoja, keki ya mchana dereva mwingine, halafu atachagua. Anataka mtu mtulivu. Aliposema mtulivu, kijiwe kizima kikamgeukia Shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Anafunga zipu ya koti mpaka kooni hata jua likiwaka. Anafuta vioo vya pikipiki kwa leso, halafu leso anaikunja. Mtu gani anakunja leso chafu? Mimi nikanyoosha mkono niwe wa pili. Wenzangu wakacheka. Mmoja akanikumbusha kwamba keki si gunia la mkaa. Mimi nilikuwa nafikiri.

Utulivu ninao. Tatizo langu ni mkao. Usukani wangu uko chini, naendesha nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Nani atampa keki mtu wa hivyo? Nikaenda duka la spea. Pale juu ukutani kuna usukani mrefu, unang'aa, mikono yake imepanda halafu imejikunja kama pembe za kondoo dume. Ukiushika unakaa wima, kifua mbele, kama waziri anakagua daraja. Tukabadilishana. Mimi nikapata usukani, mwenye duka akapata redio yetu.

Mke wangu kauliza redio iko wapi. Nimemwambia iko kazini.

Jumanne, 7 Mei

Kwa fundi asubuhi. Fundi wetu tunamwita Daktari kwa sababu anaweka sikio kwenye injini na kufumba macho. Kafungua usukani wa zamani, kauweka pembeni, kafunga mpya. Umependeza mpaka nikakaa chini kuuangalia.

Ndipo Daktari akaanza maneno. Kasema usukani umepanda lakini waya hazijapanda nao. Waya wa mafuta mfupi, wa klachi mfupi. Zile ndefu atazipata wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo mimi nitakuwa mtu wa keki, azivute tu. Kasema waya si mpira, ndugu yangu. Nikamwambia ajaribu hata hivyo. Kavuta, kapitisha juu ya taa badala ya nyuma yake, kanikabidhi ufunguo bila kuniangalia usoni.

Nikapita mjini. Raha! Upepo unaingia kwenye makwapa yote mawili. Kwenye vioo sioni gari, naona viwiko vyangu tu, lakini ni viwiko vizuri. Nilipofika kijiweni wote wakakodoa macho. Nikajua wameshtuka. Shemeji akanizunguka mara moja, akaniuliza, shemeji, hizo nguo unazoanika zitakauka saa ngapi? Mwingine kasema nafanana na mtu aliyejisalimisha polisi. Wivu huo, mtupu.

Nikaondoka kwa heshima zangu. Kona ya posta nikakata kushoto. Pikipiki ikanguruma yenyewe. Mimi sijagusa mafuta! Ikaruka kama imetukaniwa mama yake, ikavuka mtaro, ikaingia na mimi kwa kinyozi. Tukasimama mbele ya kiti. Mteja alikuwa na povu nusu ya uso, nusu nyingine haina rangi. Kinyozi akaniuliza nimekuja kunyoa? Nikamwambia ndiyo. Ningesema nini? Nikakaa foleni.

Nimenyolewa vizuri sana.

Jumatano, 8 Mei

Nimefanya uchunguzi kwenye uwanja wa shule. Nikipinda kulia, injini iko kimya kama paka aliyeshiba. Nikipinda kushoto, waya wa mafuta unavutika na pikipiki inaondoka bila idhini. Kumbe ni jambo dogo. Dawa yake ni kutopinda kushoto.

Watu hawajui, lakini kushoto si lazima. Ukitaka kwenda kushoto unapita mtaa wako, unakata kulia, kulia tena, kulia tena, unatokea kule kule. Nimepanga mitaa yote mezani kwa maharage, bakuli la sukari ndio mzunguko wa sokoni. Mke wangu akauliza, baba, haya maharage yanapikwa lini? Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, nampendea hilo. Kisha akauliza kwa nini nisirudishe tu usukani wa zamani. Nikamwambia ule umepumzika kwa Daktari. Kasema afadhali na mimi nikapumzike.

Abiria wa kwanza alikuwa karani. Tulipopita ofisini kwake mara ya kwanza akanigonga begani. Mara ya pili akauliza kama nimepotea. Nikamwambia naikwepa barabara mbovu. Abiria wa pili, bibi mmoja anayeuza mboga, kafurahi mno. Kasema tangu azaliwe hajawahi kutembezwa hivi kwa nauli ya kwenda sokoni, na kesho atakuja na dada yake.

Alhamisi, 9 Mei

Mama mkwe kaja kutusalimia. Kaletwa na mwanawe, Shemeji, taratibu, kama anabeba yai. Mimi nikatokea kazini, wingu limetanda, nikaona niiingize pikipiki sebuleni kabla ya mvua. Siku zote za mvua inaingia.

Usukani wa zamani ulikuwa unapita mlangoni. Huu mpya umeingia mkono mmoja, wa pili ukabaki nje. Nikapinda, nikasukuma, nikavuta. Mkono wa ndani ukanasa kwenye chuma cha pazia, wa nje ukanasa kwenye komeo. Haiendi wala hairudi. Mama mkwe yuko ndani na mkoba wake, tayari kwa safari. Mimi nje, naloa.

Akachungulia juu ya tangi la mafuta. Akaniuliza kwa upole, mkwe wangu, binti yangu ulimuoa au ulimfunga? Nikamwambia mama, kaa kidogo, mvua ipite. Kasema mvua ataikuta tu, mlango ndio hauoni.

Shemeji katoa spana mfukoni. Mfukoni! Nani anatembea na spana kumpeleka mama yake kusalimia? Kalegeza nati, kaulaza usukani, pikipiki ikapita kama maji. Halafu kauinua, kaukaza, kafuta mikono kwa ile leso. Mama mkwe akamtazama, akanitazama mimi, akasema mwanangu huyu hana makuu. Akapanda nyuma yake wakaondoka. Wakakata kushoto. Kwa makusudi, nina hakika.

Mke wangu kasema akipata Shemeji ile kazi, nisikasirike. Nimemwambia nani kakasirika? Nikala vizuri.

Ijumaa, 10 Mei

Mazoezi. Mke wangu kakaa nyuma, mapajani beseni la maji badala ya keki. Nilimbembeleza tangu alfajiri. Tukazunguka mtaa, kulia, kulia, kulia. Tuliporudi, paja lake la kulia kavu kabisa. La kushoto unaweza kufua.

Kashuka, kajikamua, kasema yeye si fundi lakini maji yamehamia upande mmoja, na keki nayo itahama. Huyu mwanamke ana akili. Nimetafakari mpaka nikapata jibu. Kona zote zikiwa za kulia, keki italala kushoto. Kwa hiyo nitaiinua upande wa kushoto kabla hatujaondoka. Kandambili moja chini ya boksi, basi. Nimeipima kwa sufuria la uji, imekaa sawa.

Mke wangu kaniuliza kama nimeona jinsi ambavyo kila jibu langu linahitaji jibu lingine. Sikumwelewa. Nikaosha kandambili.

Jumamosi, 11 Mei

Siku yenyewe.

Asubuhi Shemeji kambeba Mama Keki. Wamekwenda, wamerudi, keki imefika imesimama kama askari. Shemeji hata jasho hana. Kaniambia kila la heri, shemeji, na naona alimaanisha, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Mchana zamu yangu. Keki ya ghorofa tatu, krimu nyeupe, ya nesi mmoja anayestaafu. Inaenda ukumbini, ng'ambo ya soko. Mama Keki akapanda, nikamwekea kandambili chini ya boksi. Akauliza hii nini? Nikamwambia mto. Akaangalia kandambili, akaangalia mguu wangu mmoja ulio pekupeku, akalikumbatia boksi.

Tukaondoka. Polepole, wima, kifua mbele. Kulia. Kulia. Boksi lile juu lina plastiki, keki inaonekana yote, inameta. Mtaa wa mafundi cherehani tulipopita mara ya kwanza watu wakageuka. Mara ya pili fundi mmoja akasimamisha mashine, akapaza sauti, hiyo keki ya nani? Mama Keki akajibu ni yangu, napika mimi. Mara ya tatu yule fundi tulimkuta barabarani na wenzake wawili, mmoja ana binti anaolewa. Nikasimama. Wakaongea, wakapeana namba za simu. Nyumba za walimu, vivyo hivyo. Nyuma ya zahanati, vivyo hivyo. Mama Keki akaniuliza mbona kama hapa tumeshapita? Nikamwambia hiyo mitaa ni mapacha.

Tatizo likaja mwisho. Lango la ukumbi liko kushoto, na mbele barabara imeishia kwenye ukuta. Hakuna kulia. Nikafikiri. Nikazima injini, nikashuka, nikamwambia mama, tulia hapo hapo. Nikaisukuma pikipiki kwa mikono, nikakata kushoto kimyakimya, yeye juu amekaa na keki yake kama malkia. Waliokuwa langoni wakadhani ni sehemu ya sherehe. Wakapiga makofi, nesi akalia.

Keki ilikuwa imeegemea. Kidogo. Kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Mama Keki akachomoa kisu, akaipapasa pande mbili, akaigeuzia ukutani, ikakaa.

Alipotoka akaniambia nipande na nikate kushoto, aone. Nikamwambia mama, kushoto leo sijisikii vizuri. Akarudi kwa miguu. Jibu kesho.

Jumapili, 12 Mei

Mama Keki kaja nyumbani. Bahati yangu, mama mkwe na Shemeji nao walikuwepo. Nikavaa shati la mikono mirefu. Mke wangu akanishika mkono chini ya meza, hajafanya hivyo siku nyingi.

Mama Keki hakuzunguka. Kasema keki zake atabeba Shemeji. Ile ya asubuhi ilifika kama ilivyotoka jikoni. Shemeji akafungua zipu kidogo, ndiyo furaha yake hiyo. Mama mkwe akaangalia dari. Mimi nikasema hongera, shemeji.

Mama Keki akasema sijamaliza. Kasema tangu jana jioni simu yake hailali. Mafundi cherehani, walimu, watu wa zahanati. Miaka yote anapita njia fupi, hakuna aliyejua kama yupo. Sasa anataka mtu wa kuzunguka mitaa na keki ya maonyesho, ya boksi lililopakwa krimu, na vipande vya kuonja, asimame kwenye madirisha ya watu na kuongea. Kanitazama. "Mwanangu, mdomo unao, haraka huna, na njia fupi hutaki hata kuisikia. Nani mwingine?"

Sharti moja. Usukani wa zamani urudi kabla sijagusa kipande chake chochote.

Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Kazi ya uhakika! Mke wangu kacheka mpaka kajifuta machozi. Mama mkwe kaniambia hongera, mkwe, na kaomba kuonja vipande alivyokuja navyo Mama Keki. Shemeji kashika kipande kwa leso. Leo nampenda mpaka yeye.

Jumanne, 14 Mei

Usukani wa zamani umerudi. Nimekata kushoto mara nyingi bila sababu, nimemsalimia na kinyozi kwa mbali.

Jana mzunguko wa kwanza. Umekwenda vizuri, vipande vimeisha, Mama Keki kaandika oda na kunisifu. Kasema niendelee hivyo hivyo, nisibadilishe kitu.

Lakini mimi nimegundua upungufu. Pikipiki yenye usukani wa chini inapita kama pikipiki nyingine yoyote. Mtu aliye chumba cha ndani atajuaje kwamba keki imefika? Nikaenda duka la spea. Pale chini ya kaunta kuna honi ya lori, ina mdomo mpana kama beseni. Tumebadilishana na ule usukani mrefu. Daktari kasema betri yangu ni ndogo, honi hiyo itaimaliza. Nimemwambia afunge, maneno baadaye.

Nimeijaribu mara moja tu, hapa nje. Taa ya mbele imezima. Injini imezima. Mbuzi wa jirani kakata kamba. Mama Keki, aliyekuwa jikoni kwake mtaa wa pili, katuma mtu mbio kuuliza kuna nini kimeanguka.

Nimemwambia akamweleze mama atulie. Hakijaanguka kitu, ndiyo kwanza mambo yanakaa sawa.