Kochi la Radi Kavu

Jumatatu, 4 Agosti

Radi Kavu wanarudi! Nilikuwa navisha kochi kitambaa, misumari imejaa mdomoni, redio ikatangaza. Nusura niimeze yote. Bendi yangu ya roki! Bendi ya ujana wangu! Magitaa yale ya kukwaruza roho! Uwanja uleule wa siku zile, Jumamosi ya wiki ijayo.

Tiketi zimekwisha. Zilikwisha kabla sijatema misumari.

Lakini kuna mlango wa nyuma. Mtangazaji anasema Jumamosi hii mashabiki waende studio wakasimulie jinsi tamasha la mwisho la Radi Kavu lilivyowavunja moyo. Na liliwavunja wengi. Bendi ilichelewa mpaka watu wakasinzia wamesimama. Ikapiga nyimbo mbili. Mpiga dramu akanuniana na mpiga gitaa, mvua ikamwagika, umeme ukakatika, kwaherini. Mwenye kumbukumbu ya huzuni kuliko wote atapanda jukwaani kuitambulisha bendi, na ataruhusiwa mtu mmoja wa kufuatana naye.

Nitapanda mimi. Nimeamua. Tatizo ni moja tu: mimi siku ile nilifurahi. Nilifurahi kupita kiasi! Umeme ulipokatika, uwanja mzima tuliimba wenyewe, na msichana aliyesimama kando yangu akanigawia nusu ya mwavuli wake. Msichana huyo sasa yuko jikoni, ananiuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemjibu kwamba nakohoa.

Jumanne, 5 Agosti

Adui amejitokeza. Ni Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, shabiki mwenzangu tangu enzi. Kamwambia kila mteja kwamba naye anakwenda redioni, na kwamba kisa chake kitailiza hata maikrofoni. Kati ya karakana yangu na kibanda chake kuna ukuta wa mbao nyembamba. Nilitega sikio asubuhi nzima. Nikasikia mashine ya kunyolea tu.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Nilijifanya mteja, nikakaa kitini, nikamwomba anipunguze ndevu. Nikamchokoza kidogo kuhusu tamasha. Akafunguka kama bomba.

Sasa najua, na sina raha. Wembe alifika uwanjani tangu asubuhi, akasubiri kutwa nzima chini ya jukwaa. Jioni akabanwa. Akavumilia, akavumilia, mwisho akakimbilia chooni. Foleni ndefu. Zile nyimbo mbili zote zilipigwa yeye akiwa ndani, anavuta mlango uliokwama. Alipotoka, umeme ulishakatika na bendi imeshashuka jukwaani. Miaka yote hii anajiita shabiki, na hajawahi kuwaona hata kwa jicho moja!

Kufika hapo aliguswa sana, mashine ikamponyoka ikapanda usoni. Nimerudi nyumbani bila unyusi wa kulia. Mke wangu alinitazama usoni, akauliza kama nimegombana na pasi.

Alhamisi, 7 Agosti

Kisa cha Wembe hakishindiki kwa ukweli. Basi kitashindwa kwa njia nyingine. Nimewaza hivi: tamasha lile lilinivunja mguu! Nilikanyagwa na umati, nikabebwa juu kwa juu, sijapona vizuri mpaka leo. Nani atamnyima mlemavu wa muziki?

Lakini watu wa siku hizi wanataka ushahidi. Baada ya kazi nilijifungia karakanani nikajitengenezea plasta: sponji ndani, kitambaa cheupe cha kushonea chini ya makochi, gundi ya mbao juu. Imekauka vizuri mno. Goti halikunjiki. Nimetembea mpaka nyumbani kwa kuzungusha mguu kando kama bikari ya shule. Ni kazi safi, nasema mwenyewe, hata hospitali hawangeona aibu nayo.

Wembe alinikuta njiani. Akauliza nimepatwa na nini. Nikamjibu kwamba ni jeraha la zamani, la tamasha. Akafikiri, akauliza jeraha la miaka yote hiyo limevaa plasta leo kwa nini. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Anamjua mwongo kabla hajafungua mdomo. Nimemwambia plasta ni ya kujaribu gundi mpya, na kwamba kesho nakwenda kutafuta springi upande wa pili wa mji. Nilijiandaa kwa maswali. Hakuuliza hata moja! Alisema tu kwamba na yeye kesho ana kikao cha walimu. Mambo yangu yananyooka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefika studio mapema nikichechemea. Nikaketi, nikanyoosha plasta mbele ya watu wote. Ndipo mtangazaji, kijana mpole, akaniuliza taratibu kama nafahamu kwamba hii ni redio. Hakuna atakayeona mguu.

Sikuwa nimefikiria hilo.

Wembe alianza. Alisimulia choo chote, mpaka kitasa. Fundi mitambo alijifuta machozi kwa mkono wa shati. Zamu yangu ikafika. Nikasimulia umati, mguu, maumivu. Nikaona mtangazaji anatazama saa. Maji yakanizidi unga, nikaongeza kwamba mchumba niliyekuwa naye aliniacha palepale uwanjani, kwenye mvua, akaondoka na mwavuli. Hapo wakanyamaza kunisikiliza! Nikapata moto. Mtangazaji akauliza umeme ulipokatika nilijisikiaje peke yangu gizani. Nikafumba macho nikakumbuka. Na ulimi, adui yangu wa siku zote, ukaanza kusema kweli. Nikaeleza jinsi mtu mmoja nyuma alivyoanza kuimba, kisha kumi, kisha wote. Jinsi tulivyogonga makopo badala ya dramu. Jinsi maji yalivyoingia viatuni na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Nikaimba kiitikio. Nikaruka, plasta ikapasuka!

Mtangazaji akasema ahsante, na kwamba hajawahi kusikia kisa cha furaha kama hicho katika kipindi cha huzuni. Nimeondolewa.

Kisha akamwita msimuliaji wa mwisho. Mlango ukafunguka, akaingia mke wangu.

Kikao cha walimu! Huko kwenye chumba cha kungojea kulikuwa na spika. Alikuwa amenisikia tangu mguu mpaka mchumba. Hakunitazama. Akaketi, akakunja mikono kama anayesubiri darasa litulie, akasimulia.

Alisema alikwenda uwanjani msichana mdogo, akiwa amempenda mwimbaji wa Radi Kavu kwa moyo wote. Alisubiri kutwa ili asikie sauti yake walau mara moja. Bendi ikaanza. Lakini kando yake alisimama kijana mmoja aliyejua maneno yote na hakujua sauti hata moja. Aliimba sikioni mwake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa nguvu zote, kama mtu anayeita teksi. Nyimbo mbili zikapita, yeye hakusikia ila kijana huyo. Akamfunika mwavuli akidhani pengine atanyamaza kwa shukrani. Hakunyamaza. Alikwenda kumfuata mwimbaji, alisema, akarudi na fundi makochi, na mpaka leo yuko nyumbani kwake, anaimba anapooga.

Studio nzima walilala chini kwa kicheko. Fundi mitambo akalia tena, safari hii kwa sababu nyingine. Mtangazaji akasema hajapata kusikia mkosi mkubwa namna hiyo. Mke wangu ameshinda.

Jumapili, 10 Agosti

Mke wangu ana nafasi ya mtu mmoja wa kufuatana naye. Nimeosha vyombo. Nimefagia mpaka nyuma ya kabati. Nimekarabati kiti kilichovunjika tangu mwaka juzi. Nilipomaliza nikauliza, kwa upole kabisa, kama amekwisha chagua.

Amekwisha chagua. Wembe! Anasema Wembe hajawahi kuwaona maishani mwake, ni haki yake. Tena, akaendelea huku akimenya vitunguu, mwanamume aliyeachwa na mchumba kwenye uwanja ule hawezi kutaka kurudi mahali penye uchungu wake. Njia ya mwongo ni fupi, akasema, na yangu haikufika hata mlangoni.

Inauma, jamani. Inauma kweli. Si jukwaa tu. Nilitaka tusimame tena palepale, mimi naye, kama siku ile. Nilitaka kumwambia hivyo lakini niliona nitaharibu mpango mpya, ingawa mpango mpya bado sina.

Jumatano, 13 Agosti

Mungu hamtupi mja wake! Leo wameingia karakanani waandaaji wa tamasha. Mwimbaji wa Radi Kavu amezeeka, mgongo unamsumbua, hawezi kusimama muda mrefu. Wanataka kochi la jukwaani. Kubwa, jekundu, la kifalme. Wamesikia kuna fundi.

Nikauliza kama fundi anaruhusiwa kubaki kando ya kochi lake, kwa usalama. Hapana. Mafundi wote wanatolewa uwanjani kabla ya milango kufunguliwa. Kochi tu ndilo litabaki.

Kochi tu ndilo litabaki. Nimeyarudia maneno hayo mchana kutwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niko tayari kuinama. Nitapunguza springi katikati, nitaacha nafasi ya mtu kulala chali, kitambaa cha mbele kitakuwa chepesi ili nione. Wembe amechungulia akauliza kochi gani lina kina kama jeneza. Nimemwambia ndiyo mtindo wa kifalme.

Jumamosi, 16 Agosti, asubuhi

Mke wangu amevaa gauni la njano. Mzuri mno. Wembe hajanywa maji tangu jana, anaogopa choo. Midomo imekauka lakini anatabasamu mpaka masikioni. Nimewaaga kwa sura ya huzuni. Msaidizi wa gari la mizigo, anayeijua siri yangu, ananisubiri nje na kochi. Naingia.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi. Mgongo hauguswi.

Kosa la kwanza: nilijaribu kitambaa mchana. Ndani ya kochi, taa za jukwaa zikiwaka usoni, nikaona wekundu mtupu. Kosa la pili: nilipima nafasi bila mtu juu. Mwimbaji alipoketi (mzee mzito, Mungu amzidishie) springi zikashuka zote kifuani kwangu. Bendi yangu niipendayo kuliko zote duniani ilikuwa juu yangu, na mimi sioni hata kiatu.

Lakini nikasikia! Nikasikia mke wangu akiitambulisha bendi, sauti ya darasani, akiwaamuru watu elfu nyingi wakae kimya, nao wakakaa. Nikasikia gitaa. Ule wimbo! Niliapa sitafungua mdomo. Kiitikio kilipofika, nilifungua.

Mwimbaji akanyamaza. Nadhani alifikiri ni spika. Akaendelea, nami nikaendelea. Akaruka kutoka kwenye kochi, kwa mtu mwenye mgongo mbovu aliruka vizuri sana, akasema kwenye maikrofoni kwamba kiti kinaimba. Gitaa likakatika. Dramu ikakatika. Uwanja mzima kimya. Na mimi, sponji imeziba masikio, nikaendelea peke yangu mpaka mwisho wa ubeti.

Kisha nikasikia viatu. Navijua viatu vile. Vikaja taratibu, vikasimama. Mke wangu akaketi juu ya kochi, juu yangu, bila haraka. Akawaambia watu kwamba sauti hiyo anaifahamu, haitibiki, alishajaribu mwavuli. Dawa yake ni moja tu: waimbe wote, kwa nguvu, ili isisikike.

Wakaimba! Uwanja mzima! Kama siku ile, zaidi ya siku ile! Bendi ikaingia nyuma yao, magitaa, dramu, kila kitu, nyimbo tele. Mkono ukapenya pembeni mwa kitambaa, nikaushika. Hakuuondoa mpaka wimbo wa mwisho. Nililia humo ndani, nasema wazi, nililia kwa raha.

Waliponipasua kunitoa, sina unyusi mmoja, nimejaa vumbi la sponji, watu wakanishangilia wakidhani mimi ni sehemu ya onyesho. Wembe aliona yote, mwanzo hadi mwisho. Alinikumbatia akilia, akasema sasa anaweza kufa. Kisha akakimbilia chooni.

Jumatatu, 18 Agosti

Mke wangu amenikanda mgongo. Amesema kama ningemwomba msamaha tangu mwanzo, angemwomba mtangazaji nafasi ya tatu, na angeipata. Amesema nijifunze. Nimeahidi nimejifunza.

Redio ikatangaza: Radi Kavu wamefurahi, watarudi mwakani, na mashindano ya kumbukumbu za huzuni yatakuwepo tena. Moyo ukaniruka. Safari hii kisa ninacho! Nani mwingine alikaliwa na bendi yake mwenyewe asiione? Nimeanza mazoezi ya kulia mbele ya kioo. Mke wangu amepita akasema sijamhuzunisha bado.

Kuna jambo moja dogo. Mwimbaji ametoa sharti: hataki kochi tena. Anataka kiti cha mbao tupu, kisicho na kitambaa wala uvungu wa kuficha kitu. Hakuna shida. Nimeshakichora. Miguu yake tu itakuwa minene kidogo.