Kamati Yenye Mbele Mbili

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa soko la Bagamoyo mwaka wa hamsini na mbili, Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Lilisema kwamba kuanzia sasa macho ya raia wote wa pwani, tangu Kaole mpaka Mkange, yamewekwa chini ya ulinzi, na hakuna jicho litakaloruhusiwa kuona sinema ya nchi ngeni kabla sinema hiyo haijatazamwa, kwa uchungu na kwa niaba ya umma, na Kamati ya Hifadhi ya Macho.

Tangazo lilikuwa na sababu yake. Forodhani palikaa kasha la mikebe ya sinema lisilo na mwenyewe. Si zile sinema za Kihindi za kuimba, wala za Kizungu za farasi na bastola, ambazo watu walikwisha kuzizoea. Hizi zilitoka nchi ambazo mwalimu wa jiografia alizitafuta kwenye ramani akaishia kuilaumu ramani. Bwana Pazi, karani aliyepandishwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati, alieleza kuwa kitu kisichojulikana ni hatari, na kikiwa adimu ni hatari zaidi, kwa kuwa watu hawajapata nafasi ya kukizoea.

Sinema zilionyeshwa ndani ya ghala la kopra, mchana, milango imefungwa. Shuka jeupe lilitundikwa katikati. Wanaume wa Kamati walikaa mbele, upande wa mashine. Wanawake, kwa kuwa heshima haina likizo, walikaa nyuma ya shuka. Huko ndiko alikokaa Mwanabaraka, aliyeteuliwa Msemaji wa Wajumbe wa Upande wa Pili kwa sababu mbili: alisoma mpaka darasa la nne, na hajapata kuonekana akimcheka ofisa.

Mwanabaraka aliipokea kazi kwa moyo wote. Alikuwa mama wa kuogopa. Mvua ikinyesha huogopa homa, isiponyesha huogopa njaa, na ikinyesha kiasi cha kutosha hujiuliza kwa nini. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Dija, mchumba wa Seleman wa Makurunge, harusi ikingoja mwezi uandame. Basi mama alijiambia: kama kuna ubaya unakuja kwa njia ya macho, bora uanze kwangu.

Katika sinema ya kwanza mzee mmoja wa nchi ya theluji alikunywa supu. Alianza nayo na akamaliza nayo, hasemi neno, mpaka paka wake akachoka akaondoka. Katika ya pili wanawake wawili waligombea mbuzi. Mbuzi akafa, ugomvi ukahamia kwenye ngozi. Biubwa, jirani yake Mwanabaraka, akaanza kulia. Alipoulizwa analia nini akasema hajui, ila yule mzee wa supu amemkumbusha mjomba wake wa Vigwaza siku za mwisho, alivyokuwa akikaa na bakuli asile na asikubali liondolewe. Mwanabaraka naye alitaka kulia. Alijizuia, maana kilio hakikuwa ndani ya kazi.

Kilichokuwa ndani ya kazi ni mikono. Watu wote wale walikula kwa mkono wa kushoto. Mzee alishika kijiko kwa kushoto. Wale wanawake, walipopatana juu ya ngozi ya mbuzi, walipeana mikono ya kushoto. Na maandishi ya mwanzo wa sinema yalikwenda kutoka kulia kuja kushoto, kama ya chuo cha Kurani. Kwa hiyo, wajumbe wa nyuma walikubaliana, hawa si watu wasiojua dini. Wanajua, wanafanya makusudi.

Taarifa hiyo Mwanabaraka aliipeleka mbele. Wajumbe wa mbele hawakuwa na ya kwao, kwani supu iliwalaza usingizi wote, na mbuzi hakuweza kuwaamsha. Bwana Pazi hakufadhaika. Aliandika kwamba wakaao mbele hupofushwa na mwanga wa mashine, hivyo kikanuni ushahidi wa nyuma ndio ushahidi. Kisha akatoa amri. Mashoto yanaambukiza kwa macho. Kila mwenye mashoto katika wilaya afungwe kitambaa chekundu mkononi, asifunge ndoa wala asipokee mshahara, mpaka Kamati iridhike.

Mwanabaraka alirudi nyumbani akajitupa kitandani.

Dija alikuwa na mashoto.

Kula alikula kwa kulia. Hilo mama yake alilisimamia tangu mtoto anaota meno. Lakini nazi alikuna kwa kushoto, ukili alisuka kwa kushoto, na uzi kwenye sindano aliutia kwa kushoto upesi kuliko fundi. Mtaa mzima ulijua, na mpaka siku ile hakuna aliyeona kuwa ni jambo. Mzazi, kabla hujapeleka taarifa bomani, uliza kwanza itarudi kulala nyumba ya nani.

Watu wa Kamati walikuja asubuhi wakamfunga Dija kitambaa. Alasiri wajomba wa Seleman wakatuma salamu kwamba hawana haraka. Dija alikaa juu ya mbuzi ya nazi, mkono umefungwa, akamuuliza mama yake aliona nini hasa. Mama akaeleza.

"Mlikaa nyuma ya shuka?"

"Tukae wapi, mwanangu, mapajani mwa wanaume?"

Dija akaivua kanga yake begani, akaigeuza ndani nje, akamwonyesha mama yake jina la kanga. Herufi zote zilikuwa zimegeuka, zinaanzia kulia.

Mwanabaraka aliichukua ile kanga. Halafu akavaa baibui akaenda bomani. Alimwamkia Bwana Pazi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza yote kwa adabu, kanga mkononi. Wale watu wa sinema wanakula kwa kulia kama sisi. Kosa ni la upande tuliokaa. Tulikuwa nyuma.

Bwana Pazi akavua miwani.

"Mama, Kamati haina nyuma. Kamati ina mbele mbili."

"Lakini binti yangu, Bwana Pazi."

"Binti yako amefungwa kwa ushahidi wako. Ungependa niandike kuwa mama yake ni mwongo?"

Hakupenda. Alirudi nyumbani na kanga yake.

Basi likaja neno kwamba Kamati itatembelewa na Bwana Mkaguzi, Mzungu wa Dar es Salaam mwenye Kiswahili cha kitabuni. Bwana Pazi akaona ni siku ya kuonyesha sinema nyingine, adimu kupita zote: ile aliyopigwa picha yeye mwenyewe mwaka uliotangulia, akila pilau kwenye karamu ya wakulima bora. Haijapata kuonekana popote. Aliialika Bagamoyo nzima, wanaume mbele, wanawake nyuma.

Bwana Pazi wa kwenye shuka alimpa kadhi mkono. Akaketi. Akatia mkono kwenye sinia.

Upande wa pili wa shuka mkono ule ulikuwa wa kushoto. Kisha Biubwa akasema, taratibu, kama mtu anayesoma bei sokoni, "Huyu naye."

Taa zilipowashwa Bwana Mkaguzi, aliyekuwa amesoma kanuni zote njiani, akataka ushahidi halali, yaani wa nyuma. Mwanabaraka akasimama. Akasema ameona Mwenyekiti akila kwa kushoto, na akisalimia kwa kushoto, na wanawake wote wa mji wameona.

"Nakula kwa kulia!" Bwana Pazi alisema. "Waulizeni hawa wa mbele."

"Wa mbele wamepofushwa na mwanga," Bwana Mkaguzi akamkumbusha. "Wewe umeandika. Au kanuni ni mbovu?"

Hapo Bwana Pazi alikuwa na njia mbili. Akisema kanuni ni mbovu, Kamati imekufa, na cheo chake kimezikwa nayo. Akinyamaza, kitambaa chekundu na mshahara basi. Alifikiri kidogo, kwa vile kufikiri sana kungeonekana, kisha akatangaza kwamba Kamati, baada ya uchunguzi wa kina, imegundua kuwa mashoto si ugonjwa. Ni alama ya uongozi. Wenye vitambaa wafunguliwe leo hii, na kuanzia sasa Mwenyekiti atakula kwa kushoto mbele za watu, ili umma ujifunze.

Bwana Mkaguzi akapiga makofi.

Dija aliolewa mwezi ulipoandama. Seleman alikuja na wajomba wale wale, sasa wana haraka. Bwana Mkaguzi alialikwa, akaja, akakalishwa kitini barazani. Masinia ya pilau yalitolewa, watu wakakaa watano watano. Bwana Pazi alipoketi kwenye sinia lake, wa kwanza akakumbuka kuwa amefunga. Wa pili akashika jino. Wa tatu, Mzee Mwinyimvua, hakutoa sababu, alinyanyuka tu akaenda sinia jingine, na mmoja aliyebaki akamfuata kwa heshima ya umri wake.

Bwana Pazi akabaki na pilau ya watu watano. Mwanabaraka alipopita mlangoni na birika la maji ya kunawa, Bwana Pazi akamwita kwa jicho, akamwomba kwa sauti ya chini, kama ndugu, amletee kijiko.

"Kijiko hakimo kwenye kanuni, Bwana Pazi," Mwanabaraka akamwambia, akimmiminia maji mkono wa kushoto. "Na Bwana Mkaguzi anatazama. Karibu chakula."