Goti la Kushoto la Aroni wa Kagoma

Njoni, enyi wenye masikio! Njoni, ninyi mnaopalilia vibanja vya migomba vya Kagoma, nanyi mnaorudi kutoka Kemondo na samaki mkononi, nanyi wa Bukoba mjini mnaodhani mmeshasikia yote. Wekeni simu chini, zimeni redio, kaeni vizuri, maana nawasimulia vita vilivyopiganwa sebuleni, vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, ila vilimwaga kahawa kidogo. Mimi sikuviona kwa macho yangu. Nilisimuliwa na Mwijage aliyeviona, na kwa kuwa Mwijage ni mtu wa kutia chumvi, nimepunguza.

Shujaa wetu ni Aroni mwana wa Rutaihwa, Mzee wa Kanisa, mwalimu mstaafu, Mwenye Kofia Isiyovuliwa Ila kwa Sala, ambaye kwa miaka sitini na minane hakuwahi kumpigia goti kiumbe yeyote, na hata mbele za Mungu alishuka kwa masharti yake mwenyewe, polepole, akishikilia benchi. Mkewe ni Kokuhirwa, Mshika Rimoti, Malkia wa Saa Moja Jioni. Kwa miaka arobaini na mmoja Kokuhirwa alimsalimia mumewe kama mama yake alivyomfundisha: magoti yote mawili sakafuni, macho chini, na maneno yale ya Kihaya, "Wabonaki, waitu." Hilo "waitu" ni neno la heshima lenye upendo ndani yake. Aroni alikuwa amelizoea hata hakulisikia tena.

Ndipo ikaingia televisheni. Aliileta Derick, mwana wao, kutoka Bukoba, pana kuliko dirisha la sebule, na Kokuhirwa akaivika kitambaa cha kufuma kama aivikavyo meza ya wageni. Tangu siku hiyo, kila ilipofika saa moja jioni, yeye na jirani yake Agnetha, mke wa Mwijage, waliketi mbele ya tamthilia ya nchi za mbali iliyotiwa sauti za Kiswahili, wakimlilia kijana mmoja tajiri mwenye ndevu zilizochongwa. Aroni alimwita Bwana Ndevu, na hakumpenda hata kidogo.

Jumatatu moja, Bwana Ndevu akashika waridi, akapiga goti moja mbele ya msichana aliyekuwa akifua nguo za nyumbani kwa tajiri huyo. Agnetha akashika mdomo. Kokuhirwa akavuta pumzi ndefu.

"Tazameni aibu hii!" akanguruma Aroni, Simba wa Kagoma, toka kwenye kiti chake cha nyuma. "Mwanaume mzima, mwenye gari, mwenye nyumba ya ghorofa, anashuka chini mbele ya mwanamke! Mimi najua sababu moja tu ya mwanaume kuwa sakafuni: amedondosha kitu, anakitafuta!" Akacheka. Alicheka peke yake.

Kokuhirwa akapunguza sauti ya televisheni, jambo lisilowahi kutokea katika nyumba ile, akageuka. "Baba Derick," akasema, "sakafu hii magoti yangu yanaijua kuliko ufagio. Ya kwako yanaijua?" Kisha akarudisha sauti.

Vita vikatangazwa hivyo, na silaha yake ilikuwa ya kutisha. Kesho yake mchana Kokuhirwa alipiga magoti kama kawaida, akaweka sahani ya ndizi zilizoiva vizuri na maharage yaliyokolea nazi ya dukani, akasema, "Chakula." Aroni alisubiri, mkono ukiwa juu ya sahani. Lile "waitu" halikufuata. Jumatano, "Chakula." Alhamisi, shujaa akajaribu mbinu: akaingia mlangoni kwa kishindo, akatangaza, "Nimerudi!" Mkewe akajibu, "Nimeona." Nasema wazi, aliumia. Mtu aliyesimama mbele ya madarasa ya watoto mia na ishirini bila kutetemeka alikaa barazani akitafuta neno moja dogo kama mtu aliyepotewa na miwani.

Basi akaazimia. Alhamisi hiyohiyo jioni alijificha nyuma ya gazeti, akachungulia marudio ya lile tukio, akaandika kwenye ukingo wa gazeti kwa mwandiko wa kimwalimu: goti la kushoto, mgongo wima, usishike kitu. Ijumaa asubuhi akazama kibanjani, mahali migomba ilipokuwa minene, akachagua mgomba mmoja wenye mkungu, akavua kofia, akashuka. Mgomba ukapokea heshima hiyo kwa ukimya. Akashuka mara ya pili, na mara ya tatu, mifupa ikilalamika, suruali ikishika tope.

"Mzee mwenzangu!" ikasikika sauti. Alikuwa Mwijage, ambaye hupita katika vibanja vya watu kana kwamba ni barabara ya halmashauri. "Mbona chini ya mgomba?"

"Fukusi," akasema Aroni upesi, akikwangua udongo. "Wadudu wamekula mizizi."

"Na kofia?"

"Joto."

Mwijage akaenda zake. Aroni akabaki pale, naye akajiona mnyonge kabisa, maana alikuwa amesoma kanisani mara nyingi habari za mtu aliyemkana Bwana wake, na hakuwahi kudhani zinamhusu.

Ikafika Jumamosi, saa kumi na robo alasiri. Kokuhirwa alikuwa amesimama akifuta vumbi la televisheni. Aroni akaingia, kofia mkononi, na mkono wa pili ukibeba kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu hupewa mgeni wa heshima anapoketi, maana waridi halioti Kagoma, na hata kama lingeota asingelijua. Hakushika kiti. Hakushika meza. Likashuka goti la kushoto, likashuka, likashuka, mpaka likagusa sakafu.

Lo! Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kokuhirwa, kwa mazoea ya maisha yake yote, alipoona mwanaume yuko mbele yake na yeye amesimama, miguu ikajikunja yenyewe, akajikuta naye magotini. Wakatazamana, wote chini, kitambaa cha vumbi kikiwa katikati yao.

"Inuka," akanong'ona Aroni.

"Inuka wewe kwanza."

"Mimi ndiye ninayepiga goti!"

"Sijui kusimama wewe ukiwa chini, Baba Derick. Sijafundishwa."

"Hata mimi sikufundishwa kuwa chini. Nimejifunza jana, kwa mgomba. Naomba usimame."

Neno "naomba" lilikuwa halijasikika sebuleni humo kutoka upande ule. Kokuhirwa akashika ukingo wa meza, akainuka, akasimama wima, mikono haijui pa kwenda. Aroni akainamisha macho, akainua kikapu, akasema, "Wabonaki, waitu."

Na wakati huohuo, "Hodi!" Mwijage alikuwa ameshaingia. Kikapu kikatikisika, kahawa ikatawanyika sakafuni. Mwijage akatazama goti, akatazama kahawa, macho yakaanza kung'aa kwa hadithi atakayowapelekea watu sokoni.

"Umedondosha nini, mzee mwenzangu?"

Angalieni jaribu lilivyokuja! Njia ya kutokea ilikuwa wazi, na kahawa imejaa sakafuni kama shahidi. Kokuhirwa alimtazama mumewe tu, akasubiri.

Aroni akanyoosha mgongo. "Sijadondosha kitu," akasema, kwa sauti ya kusoma matangazo kanisani. "Namsalimia mke wangu."

Kokuhirwa akainama, akaokota punje moja ya kahawa, akaifuta, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu kama mgeni mkubwa asiye na haraka. Machozi yalikuwa yamemjaa, wala hakuyaficha.

"Simama, waitu," akasema.

"Siwezi," akajibu shujaa.

Goti lilikuwa limegoma. Ikabidi Mwijage amshike kwapa la kulia, Kokuhirwa la kushoto, wakahesabu hadi tatu, akanyanyuliwa juu. Mwijage akakimbia nyumbani kumchekesha Agnetha. Agnetha hakucheka. Aliuliza neno moja tu, "Na wewe?" na tangu siku hiyo Mwijage anasema ana tatizo la magoti la kuzaliwa.

Basi iwekwe katika kumbukumbu za wilaya yote ya Muleba, na watoto waisome: kwamba katika Kagoma, sebuleni mwa Kokuhirwa Mshika Rimoti, goti la kushoto la Aroni mwana wa Rutaihwa lilishuka sakafuni mchana kweupe, mbele ya shahidi, wala halikuwa likitafuta kitu kilichodondoka.