Yale Nzanzu Alisema Juu ya Papa Yake

Butembo, Jumatatu, 8 Juni 1964

Sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio: tangu Pasaka sifundishi hesabu. Naogopa hesabu. Naogopa ubao pia, na watoto hamsini na wawili wa mwaka wa kwanza, wanaonitazama kama sahani ya nyama. Donc basi kila asubuhi wanasimama mmoja mmoja, wanaeleza papa na mama walifanya nini jana. Naita hiyo élocution, mazoezi ya kusema. Wanasema mpaka kengele. Mimi naandika katika daftari la darasa, si hizi kurasa zangu za siri, ili nionekane niko kazini.

Leo daftari limeanza kuzaa! Shule ya walimu ya Beni inataka mtu mmoja tu kutoka kwetu. Barua ya kumtuma ataandika mkuu wetu, Directeur Muyisa, Jumamosi. Tuko wawili: mimi Kasika, miaka kumi na sita, sauti ya panya, na Florentine, mwalimu wa mwaka wa pili, sauti ya lori. Mais lakini Florentine hana Nzanzu. Nzanzu ni mtoto wa Directeur, anakaa benchi ya mbele kwangu, na mdomo wake haufungwi.

Leo amesema: “Mademoiselle, mama akiimba ule wimbo ya shamba, papa analiaka.”

Analia! Mtu wa moyo laini. Kesho darasa zima litaimba.

Jumanne, 9 Juni

Tumeimba. Chini ya dirisha la bureau, ofisi ya mkuu. Directeur alitoka mbio, shingo imevimba. Kumbe mke wake anamwimbia wimbo ule kumcheka: alilima maharagwe, akavuna majani matupu. Mji wote unajua. Florentine alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikamuuliza Nzanzu kwa nini hakueleza vizuri. Akasema: “Haukuniuliza.”

Jumatano, 10 Juni

Nzanzu tena. Papa yake ameficha tai yake ya shingoni na kalamu chini ya kuku anayelalia mayai. Mara darasa lote likalipuka: hata papa yetu! Papa ya Mapenzi, karani wa posta, amezika viatu vyake kwenye migomba. Papa ya Idi, mwenye lori, anafundisha bibi yake kusema: “Bwana yangu hajui kusoma.” Kurasa nne!

Nimefikiri sana juu ya tai ya Directeur. Bila shaka imechakaa, anaona haya. Kaka yangu Kambere ana moja nyekundu, ya ndoa yake.

Alhamisi, 11 Juni

Nilimpa tai wakati wa kupandisha bendera, mbele ya shule yote, ili Florentine aone. Directeur aliishika kama nyoka. Akanivuta pembeni. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama mimi ninaishi Butembo ao mwezini. Waasi wamekwisha kuingia Uvira. Inasemekana wanatafuta watu wa kalamu na tai, wawaue. Kila karani anajifanya mulimaji, nami namvika tai nyekundu hadharani!

 

Ijumaa, 12 Juni

Ajabu. Wazazi wamekuja na zawadi. Mayai, maharagwe, mkungu wa ndizi. Papa ya Mapenzi alikuja miguu wazi, akaniita “mama mukubwa”, mimi ninayelingana na binti yake mkubwa. Akasema: “Uandike vizuri, mama. Mulimaji. Tangu kuzaliwa.” Papa ya Idi ameahidi kunibeba Beni siku yoyote nitakayotaka.

Mwishowe watu wanaheshimu walimu! Nimeandika majina yao yote, na kila mmoja ameleta nini.

Jumamosi, 13 Juni

Directeur ameniita. Daftari langu lilikuwa mezani kwake.

Kumbe watoto wanasema nyumbani pia. Sikuwahi kufikiri hilo. Wameambia wazazi kwamba Mademoiselle anauliza mambo ya papa, halafu anaandika. Nusu ya mji inaamini nawafanyia waasi orodha. Nusu nyingine, kwamba nawafanyia wanajeshi.

Directeur hakupiga kelele. Alisema: “Binti yangu, hii daftari inaweza kuua mutu.” Akalitia katika jiko la wapishi, akasimama pale mpaka kurasa zote zikawa majivu.  

Nikajua barua ni ya Florentine. Mais akanipa bahasha, imefungwa kwa gundi. Niondoke leo leo, na lori la papa ya Idi. Nimeshinda! Florentine hakucheka. Donc daftari lilifanya kazi.

Beni, Jumatano, 17 Juni

Joto. Mkuu wa shule hapa, Monsieur Phinées, ameisoma barua mbele yangu, kwa sauti: “Mumpokee. Anajua Kifaransa. Mais asiwekwe karibu na watoto wanaojua kusema.”

Wenzangu wamepelekwa madarasani kujaribu kazi. Mimi napanga ramani katika depo, stoo ya shule. Ni haki. Nimeapa sitamuuliza mtoto neno tena maisha yangu yote.

Na siulizi. Sikitu, binti wa Monsieur Phinées, miaka mitano, anakuja mwenyewe, anakaa juu ya sanduku. Leo amesema papa yake anaogopaka kinyonga. Akimwona anapanda meza.

Kuna kinyonga kwenye mpera wa uani. Kesho nitamweka kwenye kiti cha Monsieur Phinées. Atapanda meza. Nitaingia, nitamtoa kwa mkono, bila woga. Darasa nitapewa siku hiyo hiyo!

Viatu vinakuja mlangoni. Vya mtu mkubwa. Naficha ukurasa huu chini ya ramani ya Katanga. Sikitu ananitazama. Nimemwambia asiseme kitu. Amesema ndiyo.