Mguu wa Mninga wa Mzee Nkwabi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Siku mbaya. Afisa afya wa manispaa kaja karakanani kwangu Misunkumilo, kauliza leseni ya kutengeneza miguu bandia. Nikamwonyesha cheti ukutani. Ni cheti changu cha useremala, ila neno "useremala" nimelifunika kwa kalenda ya parokia. Akainua kalenda! Watu wengine hawana adabu. Kasema vitanda na meza niendelee, mguu wa mtu nisiguse, na kibao kishuke leo leo. Miaka kumi na moja nachonga miguu, hakuna aliyelalamika. Wawili walihama mji, sawa, lakini hawakulalamika.

Jumanne, 10 Juni
Kumbe kuna mkono wa mtu. Ni Angela, binti aliyefungua chumba karibu na stendi, mtaalamu wa viungo bandia mwenye leseni. Nimepita kuchungulia. Hana randa! Hana hata msumeno! Anapima kisiki cha mguu kwa tableti, vipimo vinatumwa Dodoma, mashine inachonga, mguu unakuja na basi ndani ya boksi. Halafu mgonjwa anarudi kila mwezi kukaguliwa. Mimi mguu ukitoka umetoka.
Nimebadilisha kibao. Kilisema "Kliniki ya Miguu". Sasa kinasema "Fanicha za Mwili". Tuone afisa atasemaje.

Jumatano, 11 Juni
Mungu si Athumani! Kaja mzee Nkwabi, mfugaji wa Kakese. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti, ajali ya pikipiki. Jumamosi ya tarehe 21 wakwe wanaleta ng'ombe wa mahari ya binti yake Kabula. Anataka kuwapokea amesimama mlangoni mwa zizi, kama baba yake alivyosimama. Kasema tangu akatwe, watu wanaongea naye wakimwangalia utosini. Angela kamwambia kidonda hakijakauka, asubiri wiki sita. Nikamwambia mimi siku tisa.
Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Roho yangu ilisuuzika, nasema kweli.

Jumatatu, 16 Juni
Nachonga. Mninga safi. Meza ikivunjika mguu, seremala anapima uliobaki. Basi nimepima mguu mzima wa mzee, kidole kwa kidole. Umefanana hadi kifundo. Tableti ingeweza wapi!

Ijumaa, 20 Juni
Nimekabidhi. Mzee kauvaa, kaangalia chini. Halafu kauliza kwa upole mbona dole gumba liko upande wa nje. Lo! Nimechonga wa kushoto. Mzee ana miguu miwili ya kushoto! Nikasema akivaa buti nani ataona? Buti likakataa, nikaligonga kwa nyundo, likaingia. Kasema panamuuma. Nikajaza sponji ya godoro, nikamwambia kitu kipya lazima kibane.

Jumamosi, 21 Juni
Kakese. Nilikaa mstari wa mbele. Mzee alisimama mlangoni mwa zizi, kofia kichwani, fimbo mkononi. Kabula alimwona, akafunika uso kwa khanga, analia kwa furaha. Ng'ombe wa kwanza kapita. Wa pili. Nikapiga makofi peke yangu. Kwenye wa saba nikaona buti la kulia linavuja damu. Mzee alikaza meno. Wa tisa hakumwona. Alianguka kwenye samadi mbele ya wakwe zake. Wakageuza nyuso kwa heshima, na nadhani hilo lilimuuma kuliko kidonda.
Sijawahi kuona aibu kama ile. Ubwabwa haukupita kooni. Nilikula nyama tu.

Jumanne, 24 Juni
Angela kaja. Mzee amelazwa, kidonda kimeoza, goti huenda likaondolewa. Hakunifokea. Afadhali angefoka! Kasema leseni ipo ili mtu akiumia pawe na wa kuulizwa. Hospitali wamemuuliza mzee nani kamfanya hivi, na mzee hakunitaja. Nililia mbele ya yule binti. Kasema mkono wangu ni mzuri, nikajifunze kwake chini ya usimamizi, nianze na kufagia. Nikakubali. Nikaapa kwa Bikira Maria sichongi mguu tena.

Alhamisi, 26 Juni
Nimekwenda hospitali. Goti limekatwa jana. Mzee kanirudishia mguu wangu, umefutwa damu, umefungwa kwa khanga ya Kabula. Kasema mninga mzuri hautupwi. Nimchongee kigoda, maana sasa ni mtu wa kukaa. Nimelia njia nzima.
Nje ya duka la baiskeli nikamkuta Callixte, mkulima wa Mishamo, na magongo. Mguu umekatwa chini ya goti. Nikafuta machozi, nikaangalia vizuri. Wa kushoto! Kasema Angela kamwambia asubiri kidonda kikauke. Nimemwambia aje kesho asubuhi, wake uko tayari.
Kigoda cha mzee nitatafuta mti mwingine.