Visanduku Kumi na Viwili vya Mbinzo

Nephtali hakuwa anaenda mahali. Watu wa kazi yake hawaendi mahali, wanapita tu, na kila wanapopita kitu cha mtu kinapungua. Jumatano ile alikuwa anapita mbele ya chuo kimoja pale Makiso, mjini Kisangani, amevaa koti la rangi ya maziwa alilolinyoosha kwa kulilaza chini ya godoro usiku kucha. Akaona uani meza zimepangwa, na vijana wamesimama nyuma yake, shingo zimenyooka kama siku ya kupigwa picha.

Walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kazi waliyopewa ilikuwa kutengeneza vifungashio vya vyakula vya hapa kwetu. Wao wenyewe wanaviita emballage. Kulikuwa na pilipili ndani ya kichupa chenye kofia ya kitambaa, kama mtoto wa ubatizo. Kulikuwa na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, ndani ya chupa ya shingo ndefu. Kulikuwa na kwanga, ule mkate wa muhogo, iliyovalishwa karatasi juu ya majani yake, ikafanana na mtu aliyevaa makoti mawili kwa jua. Na kwenye meza ya mwisho, ile ya karibu na choo, maana lazima mtu fulani akae karibu na choo, kulikuwa na visanduku vya mbinzo.

Mbinzo ni zile zile tunazozijua: viwavi vya msituni vilivyokaushwa, vinapimwa kwa kopo sokoni na kufungwa kwa karatasi yoyote aliyokuja nayo mnunuzi. Lakini kisanduku chenyewe! Karatasi ngumu ya kijani, mishipa ya jani imechorwa kwa kalamu mmoja mmoja, dirisha dogo la plastiki inayoangaza, kamba ya raffia juu, na ndani karatasi iliyopakwa nta ya mshumaa ili unyevu wa mto usiingie.

Mama mmoja mwenye mkoba wa ngozi alikinyanyua.

"Oh! Hii imetoka Poto?"

"Hapana, mama, iko ya hapa," akajibu msichana wa meza ile. "Nimeitengeneza mimi."

Mama akakirudisha mezani haraka, kama kimemchoma.

Wengine wangeona huruma. Nephtali aliona njia. Poto, yaani Ulaya, ilikuwa imetajwa mara moja tu na macho ya yule mama yakawaka. Je, ikitajwa mara tatu, na mtu mwenye koti la rangi ya maziwa?

"Ma fille," akasema, "hii kazi njo yako?"

"Yangu, tonton."

"Jina?"

"Rachida."

"Bon. Rachida, mikono yako iko na akili. Sasa mbona uso iko ya msiba?"

Rachida akamweleza, maana mtu aliyechoka hueleza hata mti. Profesa Anne, mwalimu wao, alikuwa amesema uzuri peke yake si kitu. Kila mwanafunzi alete karatasi yenye sahihi na mhuri wa mwenye duka aliyekubali kweli kuuza ile bidhaa. Mwisho ni kesho, Alhamisi, saa kumi, sekretariati ikifunga. Asiye na karatasi anarudia mwaka. Rachida alikuwa ameingia maduka tisa. Maduka tisa yalimwambia kwamba mbinzo ziko sokoni, nani atazinunua ndani ya sanduku?

"Nipe sanduku zote," Nephtali akasema. "Nipe na ile karatasi. Kesho nakurudishia sahihi. Mimi najua wakubwa."

"Sanduku ingine iko kwa mama, sokoni. Muulize mama."

Mama yake Rachida ni mama Zaina, muuzaji wa mbinzo na samaki wa moshi. Ni mwanamke mnene, mpole, ambaye hajawahi kuharakisha sentensi hata moja. Miaka mitatu alikuwa analipa shule kopo kwa kopo, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kuinamia magunia ya wauzaji wa kutoka Isangi. Alikuwa amemwambia binti yake wazi: "Huu mwaka njo wa mwisho. Ukirudia, mimi sina magoti ingine."

Alimsikiliza Nephtali mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Sanduku tupu haitoke hapa. Itatoka na mbinzo ndani. Na mbinzo, papa, unalipa."

"Mama, mimi nawasaidia!"

"Njo vile. Usaidie ukiwa umelipa."

Nephtali alitaka visanduku vitupu avijaze unga wa mbao, mbinzo chache tu zikae mbele ya dirisha. Lakini saa zilikuwa zinakwenda. Akapiga hesabu ya haraka: siku moja ya uaminifu haiui. Akalipa makopo kumi na mawili, pesa yake mwenyewe, ya kweli, akaihesabu mara mbili kwa ugeni wa jambo lenyewe. Rachida akajaza, akafunga, akapaka gundi. Kisanduku kile kikishafungwa hakifunguki bila kuchanika; alikibuni hivyo makusudi, kwa sababu ya wale wanaochota kidogo kidogo njiani.

Mpango wa Nephtali ulikuwa mwepesi. Atauza visanduku kumi na viwili kama mali ya Ulaya, atachukua avance, malipo ya kwanza, ya vingine mia mbili, na Ijumaa alfajiri baleinière, ile boti ya mbao ya kwenda Isangi, itampokea kama mtoto wake. Karatasi ya shule ataitupa mtoni. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Nephtali alipenda njia fupi.

Alhamisi mchana alipanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka duka la papa Gédéon. Papa Gédéon anauza siagi, sabuni, maziwa ya kopo, na sukari anayoipima pamoja na kidole chake. Poto hajafika, lakini anaitaja kama mtu anayetaja mashamba yake.

Nephtali aliweka kisanduku kimoja juu ya meza, polepole, kama padri anavyoweka kikombe.

"Hii iko nini?" papa Gédéon akauliza.

"Usiguse bado, papa. Angalia kwanza."

"Iko mbinzo."

"Mbinzo? Mbinzo iko sokoni, juu ya gunia. Hii inaitwa chenille. Imekaushwa Bruxelles."

"Bruxelles kuna mbinzo?"

"Wanachukua yetu, papa. Wanaifundisha. Kisha wanaturudishia."

Papa Gédéon akatikisa kichwa kwa heshima. Aliuliza bei. Nephtali akataja bei ya makopo manane kwa kisanduku kimoja, bila kupepesa jicho. Papa Gédéon alikuwa bado anavuta pumzi ya kukataa wakati maman Priscille alipoingia kutafuta sabuni. Yeye ni mke wa mkubwa fulani wa ofisi, na anajulikana mtaani kwa kutonunua kitu ambacho jirani yake anaweza kununua.

"Ya! Hii nzuri hivi imetoka Poto?"

"Jana, mama, na ndege," akajibu papa Gédéon, haraka sana hivi kwamba Nephtali, aliye na miaka ishirini katika kazi, alisikia wivu wa fundi.

Maman Priscille akachukua viwili, kwa bei ambayo papa Gédéon aliiongeza palepale, akaenda chumba cha nyuma cha duka kunusa sabuni.

"Nataka mia mbili," papa Gédéon akanong'ona. "Na mimi peke yangu, mji mzima. Lakini bila karatasi sifanye. Sahihi, mhuri, ndiyo kazi. Na haraka, jioni napanda boti ya Basoko kwa matanga ya shemeji, nitarudi wiki ijayo."

Nephtali alitafuta karatasi mfukoni. Alikuwa na moja tu: ile ya Rachida. Akaikunja sehemu ya juu yenye jina la chuo, akaisukuma mbele. Papa Gédéon hakusoma kitu. Alitafuta mahali pa sahihi, akaiweka kubwa mpaka ikatoka nje ya mstari, akagonga mhuri, akaupuliza ukauke.

"Bon," Nephtali akasema, akiichukua. "Sasa ile avance, papa. Mkononi ni vizuri, réseau ya simu leo iko mbaya."

"Mimi silipi mukono. Mukono inakimbia. Mimi nalipa namba ya simu."

Akageuza kisanduku. Chini yake, kwa mwandiko safi, kulikuwa na namba ya simu. Nephtali alikuwa amevibeba vyote kumi na viwili tangu jana na hakuwa ametazama chini ya hata kimoja. Mtu wa kazi yake anaangalia uso wa kitu. Kitako ni mambo ya wanunuzi.

"Papa, ngoja..."

Papa Gédéon alikuwa ameshapiga, na sauti ameiweka juu.

"Allô? Ni Bruxelles?"

"Bruxelles gani?" Kuku alilia ndani ya simu. "Ni mama Zaina, soko kuu, mbinzo na samaki ya moshi. Unataka makopo ngapi?"

"Mama... hii mbinzo ya sanduku, ilikaushwa wapi?"

"Juu ya bati ya jikoni yangu, papa. Ilitoka Isangi Jumatatu. Soma chini pale, mutoto wangu aliandika yote."

Papa Gédéon akasoma. Yote yalikuwepo: msitu, mji, siku, jina la mama. Alimtazama Nephtali. Angeweza kupiga kelele za mwizi, na Makiso nzima ingekuja, maana watu wetu kwa kelele hawana uvivu. Lakini maman Priscille alikuwa bado nyuma pale ananusa sabuni, na kikapuni mwake mlikuwa na visanduku viwili vilivyoshuka jana na ndege.

"Papa," akasema polepole, "uko mwongo."

"Na wewe pia, papa. Nimekusikia."

"Mimi nalipa patente ya serikali."

Papa Gédéon alifungua kisanduku kimoja, akatafuna mbinzo tatu, akafikiri, akatafuna ya nne. Kisha akatuma pesa kwa mama Zaina: ya visanduku kumi na viwili, na avance ya vile mia mbili, kwa bei ile ile. Mfanyabiashara anajua kukasirika bila kupoteza faida.

"Na mimi?" Nephtali akauliza.

"Wewe? Rudi Bruxelles."

Lakini karatasi ilikuwa bado mkononi mwa Nephtali, na papa Gédéon jioni yuko kwenye boti. Kabla hajafika barabarani alikuwa ameshaelewa thamani yake. Saa tisa na nusu alikuwa amesimama mbele ya meza ya mama Zaina, koti limeloa jasho, karatasi ameishika juu kama bendera.

Rachida aliruka. "Tonton! Alisaini?"

"Alisaini. Mhuri, kila kitu. Lakini kwanza ile avance yangu itoke kwenye simu ya mama yako. Yote. La sivyo nachana."

"Tonton, sekretariati inafunga saa kumi!"

"Basi fanyeni haraka. Mimi sina shule."

Rachida akamgeukia mama yake, machozi karibu. "Mama, mupe. Mupe tu."

Mama Zaina alikuwa anapanga samaki, vichwa upande mmoja. Alimaliza samaki aliyekuwa mkononi. Akafuta vidole.

"Papa, umekula leo?"

"Sikukuja kula."

"Jana ulinunua makopo kumi na mbili, na sikukupa matabisi. Nililala vibaya. Mutu ananunua kwangu makopo kumi na mbili, anatoka bila matabisi? Kesho watasema Zaina amekuwa mubaya."

Matabisi ni lile konzi analoongeza muuzaji baada ya kulipwa. Hapa Kisangani mtu anaweza kukataa salamu, anaweza kukataa hata mchumba aliyechaguliwa na wajomba wote. Matabisi hakatai. Ni haki yake. Nephtali alisikia harufu ya moshi na chumvi, na tumbo lake, ambalo tangu asubuhi lilikuwa linangojea chakula cha kitajiri, likajibu kwa sauti.

"Ile ni yangu," akakubali. "Ile toa. Lakini avance pia."

"Tutasema yote," akajibu mama Zaina. Akaingiza mkono ndani ya gunia, akautoa umejaa, mbinzo zinaning'inia kati ya vidole. Akaunyoosha mbele yake, akasema kama anavyosema mara mia kwa siku:

"Lete karatasi."

Mkono wa Nephtali ulikuwa umetumwa sokoni tangu akiwa mtoto asiyefika urefu wa meza. Maneno yale uliyajua kabla ya kujua kuandika. Haukumuuliza mwenyewe. Ukatoa karatasi.

Mama Zaina aliipokea kwa mkono wa kushoto, akatazama mhuri, akaipitisha nyuma ya mgongo. Kabla Nephtali hajafunga mdomo, Rachida alikuwa ameshakaa nyuma ya toleka, anampiga dereva mgongoni: "Kanyaga, papa, kanyaga!"

"Mama!" Nephtali akalia. "Karatasi yangu!"

"Ile iko na wino, itaharibu mbinzo. Shika na mikono. Mbili."

Akammwagia. Matabisi yalikuwa mengi, ya makopo kumi na mawili, yakajaa viganja vyote viwili mpaka juu. Nephtali alimtazama Rachida akipotea kati ya pikipiki. Angekimbia, lakini mtu anakimbiaje na mikono imejaa? Na kuzimwaga chini? Hata mwizi ana mama aliyemlea.

Basi akainamisha kichwa, akala. Zilikuwa kavu vizuri, na chumvi ya kutosha, na pilipili kidogo mwishoni. Zilikuwa tamu kabisa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alikuwa amebakisha tatu simu ya mama Zaina ilipolia. Sauti ya Rachida ilisikika mpaka meza ya jirani: "Mama! Wamepokea! Profesa Anne ameisoma mara mbili!" Mama Zaina akasema "Alhamdulillahi", akaketi juu ya kiti chake, taratibu, akanyoosha magoti.

Nephtali alilamba kidole.

"Mama, niongeze kidogo."

"Matabisi haina matabisi. Nunua."

"Kopo moja, basi."

"Uko na karatasi?"

Nephtali alijipapasa mfuko huu, mfuko ule. Hakuwa na karatasi.

"Mimi pia zimekwisha," akasema mama Zaina. "Iko sanduku tu. Moja ya mfano, Rachida aliniachia."

"Bei?"

"Ile ulimwambia papa Gédéon. Mimi sijabadilisha."

Nephtali alifungua mdomo kusema kwamba huo ni wizi, bei ya makopo manane, kwa karatasi na kamba! Lakini kisanduku kilikuwa mbele yake. Alitazama mishipa ya jani, mmoja mmoja. Alitazama dirisha, na mbinzo nyuma yake zimelala kama wageni wa hoteli. Akakinyanyua, akakigeuza, akasoma maandishi ya chini yote, neno kwa neno. Kisha akatoa pesa yake ya mwisho, ile ya baleinière, akalipa, na hakuomba kupunguziwa.