King'ora cha Miguu Sita

6 Juni, Ijumaa
Mwezi uliopita kaka yangu Mosoti alitolewa katika shimo la dhahabu huko Osiri akiwa amezimia. Hewa mbaya. Mwenye shimo, Mwikwabe, amesema hakuna atakayeshuka tena bila king'ora cha kuonya kuhusu hewa mbaya. Atajaribu viwili Alhamisi: changu na cha Valary, fundi wa duka la mkabala na langu hapa Migori. Changu kitashinda. Shida ni kipuri cha kunusa hewa: miguu sita bapa, miwili imepinda. Inataka matundu yake maalumu kwenye bodi ya umeme. Valary anapima kwa kalipa, chombo cha kupimia vitu vidogo. Mimi nimeikandamiza miguu kwenye kipande cha sabuni ya kufulia. Alama safi kabisa! Lakini jua limezama, Sabato imeingia. Nimeiacha sabuni dirishani, nitapima Jumapili.

8 Juni, Jumapili
Nimepima sabuni kwa rula, nimechora, nimemtumia Kemuma wa Homa Bay anayetengeneza bodi. Ameuliza kama nina uhakika. Nimemwambia aheshimu taaluma yangu.

11 Juni, Jumatano
Bodi imefika. Miguu haiingii! Matundu yamebanana. Valary amekuja kuchungulia, akasema sabuni ikikaa siku mbili dirishani hukauka na kunywea. Nani alimwuliza? Nimeinyoosha miguu kwa koleo. Mmoja umekatika. Nimeuunga kwa waya na gundi.

12 Juni, Alhamisi
Osiri. Mwikwabe aliweka jiko la makaa ndani ya pipa litoe hewa mbaya, akaingiza ving'ora vyote viwili. Cha Valary kilipiga kelele hadi mbuzi wakakimbia. Changu kimya. Nikasema labda upande wangu hewa ilikuwa nzuri. Hakuna aliyecheka. Mosoti alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningemwacha ashuke na kile. Niliona aibu, nikaogopa, nikaenda kulia nyuma ya vifusi.

15 Juni, Jumapili
Kesho Mosoti anashuka na king'ora cha Valary. Nimemshukuru Mungu kwa dhati. Valary naye ameniazima kalipa yake, akaniambia bila kunicheka nipime kila mguu mara mbili. Ni chombo kizuri, kizito. Kinazuia karatasi zangu zisipeperuke. Nimemchorea Mosoti king'ora kidogo cha mfukoni, ili ashuke pia na kazi ya ndugu yake. Nimemaliza upesi sana. Miguu ya kipuri kile nimeikodolea macho wiki nzima, hakuna haja ya kuipima tena.